Kamati ya Mambo Yasiyoweza Kutokea

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia leo, jambo lolote ambalo uwezekano wake ni mdogo kupita kiasi halikutokea. Aliyeliona ameona vibaya. Aliyeumizwa nalo ajitibu kwa gharama zake, na akipona asiseme amepona nini.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Mambo Yasiyoweza Kutokea, na sijutii hata nukta yake moja. Kabla ya Kamati, wizara yetu ilikuwa haipumui. Mtu akiteleza kwenye ngazi zetu, analalamika. Jalada lake likipotea, analalamika. Ungedhani tuliajiriwa ili tuwasikilize. Wokovu ukatoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: mwandishi wa vitabu vya hesabu.

Mwandishi huyo mnamjua. Ndiye aliyewafanya watu wanaokimbia hesabu kama wanavyokimbia mdai wasome habari za namba kitandani huku wakicheka. Anajua kueleza, hilo hata adui yake hamnyimi. Atakwambia kwa nini mfuniko wa shimo la maji machafu ni wa duara, kwamba ungekuwa wa pembe nne ungeweza kutumbukia ndani ya shimo lake lenyewe, mpaka uone haya kwa miaka yote uliyoukanyaga bila kujiuliza. Mtu wa kawaida angeridhika na hapo. Yeye aligundua kwamba anayejua namba hana haja ya kujua kitu kingine chochote.

Basi akawageukia wataalamu wa viumbe, watu aliowaita wakusanya mifupa. Wao walisema viumbe wa leo walitokana na wa zamani kwa kubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi. Yeye akasema upuuzi. Rusha hewani kitambaa, uzi na vifungo. Rusha tena, rusha mpaka uzeeke. Hutaona shati likianguka. Sembuse jicho! Akachukua kila kipande cha jicho, akakipa uwezekano wake, akazidisha vyote kwa pamoja, akapata namba ndogo yenye sifuri za kujaza kurasa. Chini yake akaandika: kwa hiyo haikuwa. Kuhusu wanyama wenyewe hakusoma, maana hakutaka kuathiriwa.

Mheshimiwa, yaani waziri wetu, alikisoma kitabu hicho safarini. Alifika sura ya pili, ambayo kwake ni sawa na kumaliza. Aliporudi, somo la mabadiliko ya viumbe likang'olewa kwenye vitabu vya shule, mwandishi akawa Mshauri mwenye ofisi ya zulia, na Kamati ikazaliwa.

Kazi ikaanza kunyooka. Mama mmoja alikuja kusema waya wetu wa umeme umekatika ukamwangukia mbuzi wake. Mshauri akamuuliza kwa upole: kati ya nyaya zote za nchi hii, na mbuzi wote, na sekunde zote za mwaka, waya ule umkute mbuzi yule sekunde ileile? Akazidisha. Mbuzi akawa hajafa. Mama yule akaondoka na kamba yake mkononi, na hata asante hakusema. Ndio watu wetu hao.

Kisha akaja dada yake Mshauri.

Huyu ni mkubwa wake, ndiye aliyemlea, na ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya sekondari. Lori la wizara lilikwenda shuleni kwake kupeleka vitabu vya mdogo wake. Dereva akarudi nyuma bila kutazama, akaufuata ukuta wa maabara, na ukuta ukalala ndani. Hayo ni madai yake, mimi nayanukuu tu. Wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa vitendo mwezi unaofuata. Bila maabara hakuna mtihani, na bila mtihani darasa zima linarudi nyumbani kukaa. Alitaka ukuta, au chumba chochote chenye meza na dirisha.

Mshauri hakumtazama usoni. Alihesabu malori, akahesabu kuta, akahesabu vitabu. Sifuri zikajipanga.

"Dada," akasema, "namba hazina undugu."

"Hata ukuta hauna," dada akajibu. "Umelala juu ya meza zangu. Njoo uuambie wewe."

Tukaamua kwamba ukuta umesimama. Nikaiandikia shule barua kuwakataza wanafunzi kupita kwenye tundu na kuwataka watumie mlango. Mwalimu akaomba basi apewe chumba mahali pengine. Nikalipokea ombi lake kwa heshima zote, nikaliweka pale tunapoweka maombi. Alirudi kila wiki. Alikuwa na tabia mbaya ya kukaa kimya akikutazama, kama anayesubiri mtoto akumbuke jibu mwenyewe.

Ikafika sherehe ya Mheshimiwa, ya kuadhimisha miaka yake katika kiti. Walimu wote waliagizwa kuhudhuria kwa hiari. Mheshimiwa alikuwa amechoka kusifiwa kwa maneno, kwa sababu maneno kila mtu anayo. Akataka asifiwe kwa hesabu. Mshauri akapanda jukwaani na chaki.

Na alisifu kweli. Alianza na babu yake Mheshimiwa, aliyeumwa na nyoka akapona. Akaja kwa baba yake, aliyekutana na mama kwenye foleni ya hospitali ambayo haikuwa yake. Akaja kwa Mheshimiwa mwenyewe, aliyeteuliwa siku ambayo aliyekusudiwa alikuwa amezima simu. Kila tukio lilipewa uwezekano wake, yote yakazidishwa. Ubao ukajaa, wakaleta mwingine. Mwisho Mshauri akageuka, jasho linamtiririka, akatamka kwamba jicho lina uwezekano mkubwa zaidi kuliko Mheshimiwa. Ukumbi mzima ukasimama. Mheshimiwa alilia, na mimi sioni haya kusema kwamba nililia pia.

Lakini mimi ni mtu wa kanuni. Nilipomaliza kufuta machozi nikatazama ubao, nikatazama kikomo cha Kamati, ile namba ambayo jambo likiwa chini yake halikutokea, kilichotiwa sahihi na Mheshimiwa mwenyewe. Alikuwa chini ya kikomo, tena chini sana, chini hata ya mbuzi. Nikapanda jukwaani nikafanya kilichonipasa. Nikatangaza kwamba Mheshimiwa hakutokea.

Alicheka, akidhani ni sehemu ya sherehe. Alipotaka kukaa, mlinzi alikuwa ameshaondoa kiti, kwa kuwa hakikuwa na mtu. Dereva wake naye akaondoka na gari, maana hakuwa na abiria.

Kesho yake Mheshimiwa alimshika Mshauri kwenye korido, akamwamuru amhesabu upya. Maskini alijitahidi. Lakini kila jambo jipya alilokumbushwa lilikuwa la kuzidisha tena, na kila kuzidisha kukamdidimiza mkubwa wake. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu: kukiri kwamba hesabu yenyewe ni ya kipuuzi, tangu kwenye jicho. Mshauri alifungua mdomo. Akalitazama zulia lake. Akazidisha tena.

Huku nyuma, ofisi kubwa ikabaki wazi. Kanuni inasema chumba kisicho na mtu apewe aliyeomba kwanza, na aliyeomba kwanza mnamjua. Mwalimu akaleta hadubini zilizonusurika, akazipanga juu ya ile meza ambayo sisi wengine tulikuwa tukiikaribia tumeinama. Vyura aliwaweka kwenye beseni, chini ya picha rasmi. Siku ya mtihani wanafunzi waliingia na makoti yao meupe, kimya kabisa, na mimi nikasimama pale kuiwakilisha wizara.

Ndipo Mheshimiwa alipojitokeza mlangoni. Hakuwa amenyoa.

"Mwalimu," akasema, "wewe una akili zako. Waambie watu hawa kwamba mimi nipo."

Mwalimu alimaliza kwanza kumrekebishia msichana mmoja hadubini yake.

"Mdogo wangu alikosea kwenye jicho," akasema. "Hakuna aliyewahi kudai jicho lilidondoka likiwa kamili. Lilikuja kidogo kidogo. Kilichofaa kikabaki, kisichofaa kikapotea. Aliyedondoka akiwa kamili ni wewe, juu ya kiti, bila kujaribiwa popote. Kwako wewe hesabu yake ni sahihi."

Mheshimiwa akanigeukia mimi, niliyembebea mkoba miaka yote ile. Nilimwambia asogee kidogo, anawazibia watahiniwa mwanga. Kisha nikaikumbuka kanuni, nikamwomba mwalimu radhi kwa kuzungumza peke yangu.