Mapafu Yangu na Kiti cha Mizani

Jumatatu, 4 Machi

Karani wa mizani kastaafu leo. Kaacha kiti. Kiti kina mto, feni iko juu yake, na meza ina droo yenye ufunguo. Miaka tisa nabeba magunia ya unga kutoka mashineni hadi ghala la juu, ngazi kumi na nne kupanda, kumi na nne kushuka, na kila nikipita hapo nakitupia jicho kile kiti kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Mchana msimamizi akabandika tangazo. Ijumaa anakuja nesi kutupima vifua, kwa sababu ya vumbi la unga. Atakayeonekana kifua chake hakiwezi vumbi atahamishiwa kazi nyepesi. Wenzangu wakasoma, wakanywea. Wanaamini kazi nyepesi maana yake ni kufukuzwa kwa adabu. Mimi peke yangu nimeelewa. Kiwandani kwetu kazi nyepesi ni moja tu, nayo ina mto.

Tatizo: kifua changu kizima. Sijakohoa tangu mwaka juzi. Itabidi nijifunze.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ni mwalimu wa sayansi. Jioni nikamwomba anieleze mtu anavyopumua. Akaweka chini kalamu nyekundu, akaniangalia kama siku ile ya posa. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumuuliza lolote kuhusu somo lake. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Akatandika chati mezani, juu ya sahani yangu. Hewa huingia puani, ambako vinyweleo na ute hunasa vumbi. Inapata joto, inashuka kwenye koo la hewa. Koo linagawanyika matawi mawili, kila tawi linazaa vitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo mno, mamilioni, vyenye ngozi nyembamba kuliko karatasi. Hapo damu inachukua oksijeni na kurudisha hewa chafu. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, kwa sababu moyo nao unahitaji pa kukaa. Nikasema moyo ni mpangaji mjanja. Akacheka mpaka akashika meza.

Chini ya yote kuna kiwambo, msuli uliotandazwa kama turubai. Kikishuka, kifua kinapanuka na hewa inajaa. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuvuta. Yanafanyiwa kazi na wengine. Nikayapenda hapohapo.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, mapafu mabovu yanapumuaje. Akasema magonjwa ni mengi, lakini njia za hewa zikishakuwa nyembamba, kazi kubwa huwa kuitoa hewa. Nikaandika kiganjani: KUTOA.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio la kwanza. Nilidhani nikibana pumzi nikiwa na gunia begani, nitafika juu midomo imebadilika rangi, msimamizi anione mapema, jina langu liandaliwe. Nikabana. Ngazi ya tano, sawa. Ya tisa, masikio yanavuma. Ya kumi na mbili mwili ukanikatalia, mdomo ukafunguka wenyewe, nikavuta hewa pamoja na unga. Gunia likaanguka, likapasuka. Nikapiga chafya kumi na tisa. Mfagiaji alihesabu.

Mke wangu baadaye akanieleza, nami nilisema nauliza tu, kwamba ubongo hausubiri oksijeni iishe. Unapima ile hewa chafu inavyozidi kwenye damu, ikipita kiasi unachukua usukani. Angenieleza jana.

Tingatinga ndiye aliyecheka zaidi. Huyu ni mbebaji mwenzangu, kifua kama kabati, anabeba magunia mawili nikibeba moja, na ndiye aliyenibandika jina la Bua. Lakini leo nikiwa pale chini nimejaa unga niliona jambo. Alipocheka, alikatika katikati. Akashika reli. Akabinua midomo kama mtu anayepoza chai, akaitoa pumzi taratibu, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akainama kufunga kamba za viatu.

Amevaa ndala.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemfuata Tingatinga kutwa nzima na kipande cha penseli. Kila ngazi ya saba anasimama kufunga kamba ambazo hana. Akiongea anakata sentensi vipande vipande. Anaegemea mbele, mikono juu ya magoti, halafu anajifanya anatafuta kitu sakafuni. Ni mchezo mzuri kabisa, sijui kwa nini anaucheza, lakini unanifaa.

Jioni nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Midomo, mabega, magoti. Nikageuka, mke wangu yuko mlangoni. Uso umemshuka. Akaja, akaweka sikio mgongoni pangu, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia. Akaniuliza ni tangu lini, na ndiyo maana nilikuwa namuuliza yale maswali? Akasema kesho ataomba ruhusa shuleni anisindikize kwa nesi.

Nikamwambia asije, nilikuwa narudia somo kwa vitendo tu. Akasema wanafunzi wake hawajawahi kufanya hivyo. Akaenda kusahihisha madaftari, lakini nilisikia kalamu haiendi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nesi ni mama mfupi mwenye miwani. Alipanga meza yake karibu na ngazi. Ana mashine yenye bomba: unavuta hewa yote, unaziba bomba kwa midomo, unapuliza kwa nguvu mpaka uishe. Zamu yangu ilipofika nikashuka zile ngazi kama mgonjwa aliyebobea. Ya saba, nikasimama. Nikainama. Nikabinua midomo. Mfagiaji akaniletea stuli.

Nikapuliza kidogo. Nesi akaandika. Akasema tena. Nikapuliza kidogo zaidi. Mara ya tatu nikajisahau. Akazitazama namba, akavua miwani.

"Mapafu mabovu huwa na msimamo, baba," akasema. "Ukiyapima mara tatu yanatoa jibu lilelile, au la karibu. Haya yako yana majibu matatu."

Akanibana kidole na kidude chenye taa. Oksijeni ya damu: tisini na nane kwa mia. Akasema sasa nipulize kama mtu mzima, au amwite msimamizi. Nikapuliza. Mashine ikachora mlima. Akasema hajaona mlima kama huo wiki nzima.

Nikangoja kukaripiwa. Badala yake akaniuliza polepole ile midomo nimejifunza wapi. Watu wakidanganya hukohoa, akasema. Hakuna anayejua kubinua midomo namna hiyo isipokuwa mtu anayehitaji, au aliyemtazama anayehitaji.

"Umemwiga nani?"

Tingatinga hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amejipa kazi nyuma ya ghala. Hapa lazima niwe mkweli, daftari ni langu. Nilimtaja kwa furaha. Nilikumbuka miaka tisa ya Bua na nikasema kwa sauti kubwa: yule, mwenye ndala.

Wakamwita. Akaja, uso kama majivu. Akapuliza mara tatu. Namba ileile, mara tatu, ndogo kiasi kwamba nilidhani nesi amesahau kuandika tarakimu moja. Kidude cha kidoleni nacho hakikumfurahisha nesi. Alipoulizwa ni tangu lini, Tingatinga akatazama sakafu. Akasema mwaka sasa analala ameketi. Akasema ana watu wanne nyumbani, asifukuzwe, magunia mawili bado anaweza.

Nilitaka kusikia ushindi. Sikuusikia. Labda ilikuwa njaa, sikuwa nimekula.

Jumamosi, 9 Machi

Kiti cha mizani amepewa Tingatinga.

Amepewa pia dawa ya kuvuta, barakoa, na barua ya hospitali. Nesi amemwambia msimamizi kwamba mwaka mmoja zaidi kwenye lile vumbi na wangemtoa kazini kwa machela. Tingatinga akanifuata mbele ya watu wote, akaniwekea mikono mabegani. "Ndugu yangu," akasema, akapumzika. "Ningekufa kimya." Akapumzika tena. "Umeniona."

Nikasema si kitu. Nilikuwa nakitazama kile kiti kupita begani kwake.

Jioni mke wake akaja kwetu kutoa shukrani, akasimulia yote, na yote ni pamoja na sehemu yangu. Mke wangu akamsindikiza mgeni kwa heshima. Akarudi, akafunga mlango, akanipa hotuba ambayo sitaiandika. Alilia kidogo, kwa sababu ya Alhamisi. Halafu akasema hajawahi kusikia mtu aliyetenda jema kwa nia mbaya kiasi hiki, na kicheko kikamponyoka, akakasirika kwamba kimemponyoka.

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi ameona ule mlima niliouchora. Amenipa mzigo wa Tingatinga. Magunia mawili kila safari. Nikipita mizani Tingatinga ananiambia pole ndugu yangu, feni inampepea shati. Kalamu anaishika vizuri, nakubali. Midomo yake leo ina rangi ya midomo.

Mke wangu anataka nije shuleni kwake Alhamisi nipulize mbele ya darasa, wanafunzi wahesabu sekunde. Nimekubali. Nina deni la hotuba.

Saa tisa msimamizi akabandika tangazo jipya. Mwezi ujao anakuja mtaalamu wa macho. Atakayeonekana haoni vizuri ataondolewa ngazini na kuwekwa mapokezi, kupokea simu. Mapokezi kuna kochi.

Nimekaa nikatafakari kosa langu la wiki iliyopita, na nimelipata: nilikamatwa kwa kupuliza. Macho hayapulizwi.

Nilichokosa ni mtu wa kujifunza kwake. Lakini alipokuwa akibandika lile tangazo, msimamizi alilisogeza mbali mpaka mkono ukaisha, akakunja uso, akatusomea tarehe isiyo yenyewe, kisha akapiga msumari pembeni ya karatasi mara mbili.

Sijui kwa nini anafanya hivyo, lakini anafanya vizuri sana. Kesho naanza kumfuata.