Glavu za Fundi Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kafoka. Mafundi wa mteja wetu wa pampu za maji wamelalamika: skrubu za kukazia nyaya kwenye paneli zetu zimejificha nyuma, hadi uzifikie shingo imepinda. Viungio vipya vya nyaya vinatakiwa Ijumaa. Atakayefaulu ndiye mkuu wa usanifu! Kasema kwanza twende tukawaulize mafundi wenyewe. Niulize fundi? Mimi, na miaka kumi na moja kwenye fani? Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mama Rula, tayari kashaondoka. Eti mwenda bure si mkaa bure. Haya, na aende.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Hakuna skrubu tena. Unabonyeza kijitufe kwa ncha ya kucha, unapenyeza waya, springi inabana. Mke wangu, fundi cherehani, kaingiza nyaya kumi bila kukosea. Akauliza hao mafundi huvaa nini mikononi. Nikamwambia ashone gauni lake. Ripoti ya kumtembelea mteja nimeijazia hapahapa mezani. Nimeandika kwamba fundi mkuu wao alikijaribu kiungio changu akatabasamu.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Aibu tupu! Fundi mkuu kaja mwenyewe, mzee mpole, glavu nene mikononi. Akabonyeza kijitufe changu, kidole kikateleza. Akarudia, waya ukaanguka. Na mimi, ulimi hauna mfupa, nikamwambia avue glavu, hapa si kwenye kubeba kuni. Akavua taratibu. Mkono mmoja, vidole vitatu tu. Akasema, bila hasira yoyote, kwamba viwili viliunguzwa na umeme siku aliyofanya kazi bila glavu. Bosi akafungua ripoti yangu, akamuuliza kama anakumbuka kutabasamu. Mzee akasema ndiyo kwanza ananiona. Nilitamani ardhi inimeze! Kiungio cha Mama Rula kina wenzo mpana wa kubania waya, kwa mbele. Mzee akavaa tena glavu, akakifunga kwa kiganja. Cheo kimekwenda.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kasema niende kwa mzee nimwombe radhi, nimuulize anahitaji nini. Nimelia, sifichi. Nitamtazamaje usoni? Bora nimtengenezee kiungio chake maalumu, cha vidole vitatu! Nimejifunga viwili kwa utepe, nachora tangu asubuhi. Tatizo moja tu: sikumbuki ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nimpigie simu?
Aa wapi. Nitakisia.