Uzinduzi wa Kinga Radi ya Redio ya Bandari ya Minazaki

Mheshimiwa Meya, uliyetuma mwakilishi. Mwakilishi wa Mheshimiwa Meya, uliyetuma shada la maua. Shada la maua. Waheshimiwa madiwani mlioketi karibu na jiko la mafuta. Kuhani wetu mpendwa, uliyetubariki mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa. Wake wa manahodha na wakwe wa manahodha. Bi Orie, mwendeshaji wa redio ya bandari, unayenisikiliza kupitia dirisha lililo nyuma yangu. Na wewe Daruma, mwanasesere wetu mwekundu wa nadhiri, uliyechorwa jicho moja siku nilipoahidi mradi huu, na ambaye leo, mradi ukiwa umekamilika, utachorwa la pili: habari za asubuhi! (Makofi. Bi Yasuko, muuza samaki: "Fupisha, Mwenyekiti, baridi inatutafuna masikio!")

Nitafupisha, ila kwa mapana yake. Mimi, Kabasawa Tokujiro, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kulinda Mawasiliano dhidi ya Radi na Umeme Unaopanda Ghafla, nasimama mbele yenu nikitambua kwamba kwetu sisi radi ya majira ya baridi si adui, bali ni mpiga mbiu anayewaamsha samaki wa buri na kuwasukuma kwenye nyavu zetu. Watu wa Tokyo wakisikia ngurumo huanua nguo. Sisi tukisikia ngurumo hunoa visu! (Vicheko. Ngurumo ya mbali baharini. Sauti: "Buri hao! Andaeni radishi za kuwapikia!")

Hata hivyo, ndugu wadau, mpiga mbiu huyo hana adabu. Msimu uliopita alitua juu ya mnara wetu, akateremka na waya wa antena, mwenzake akapenya kwa waya wa umeme, wakakutana ndani ya redio na kuikaanga kama tempura. Mashua ya Hatsushio-maru, chini ya nahodha Munetoshi, mtoto wa Bi Orie, ikabaki kwenye dhoruba ya theluji bila kusikia sauti ya nyumbani, hadi akina mama walipokwenda kupiga kengele ya gati. Tangu hapo, ngurumo inapokaribia, Bi Orie huchomoa plagi ya antena kwa mkono mmoja na ya umeme kwa mkono wa pili. Redio hupona, lakini mashua huwa kiziwi saa ile ile inapohitaji masikio. (Bi Yasuko: "Hapo umesema kweli. Haya, endelea.")

Ndipo Kamati ikaanzisha mchakato. Tulifanya upembuzi yakinifu. Tukaupembua upembuzi huo. Tukaenda ziara ya mafunzo kwenye chemchemi za maji moto, ambako wajumbe walizama katika somo hadi shingoni. Matunda yake ni sanduku jeupe mnaloliona ukutani, lenye nembo ya Kamati na jina langu kwa herufi za wastani, ambalo litaipokea radi kwa heshima na kuisindikiza hadi ardhini kwa waya mnene wa shaba. Takwimu hazidanganyi: tangu sanduku hili litundikwe, hakuna kifaa hata kimoja ndani yake kilichoungua. Mafanikio ya asilimia mia moja! (Makofi ya madiwani. Ngurumo, karibu zaidi. Theluji inaanza kumwagika. Bi Orie, dirishani: "Mwenyekiti, Munetoshi yuko hewani. Haoni hata pua ya mashua yake, ananiuliza mlango wa bandari uko wapi. Nichomoe, au nisichomoe?")

Swali zuri mno, Bi Orie, na linadhihirisha jinsi wadau wa ngazi ya chini walivyoshirikishwa. Suala la kuchomoa au kutochomoa ni mtambuka, na haliwezi kutazamwa nje ya muktadha wa... (Ngurumo. Bi Yasuko: "Wee Tokujiro, umeulizwa na mama mtu! Jibu!")

Nalijibu kwa vitendo! Nipeni brashi. Wananchi, wino huu mweusi unapokaribia uso wa Daruma, natangaza rasmi kwamba kuanzia dakika hii mawasiliano ya Minazaki ni imara, endelevu na... (Bi Orie: "Mwenyekiti, yule ni mwanangu. Kama sanduku lako linafanya kazi, niache niongee naye hadi afike. Kama halifanyi, nimwambie afuate kengele sasa hivi, kabla redio haijaungua tena. Neno moja tu!")

Bi Orie, kwa kuzingatia hali halisi, na bila kuathiri maazimio ya awali ya Kamati... (Radi inapasua anga juu ya kilima. Shada la maua linaanguka.)

Chomoa! Chomoa, mama, chomoa zote mbili! (Bi Orie, redioni: "Munetoshi, fuata kengele! Nakata!" Kipaza sauti kinazimika, kwani kilichomekwa kwenye soketi hiyo hiyo. Radi inapiga mnara. Akina mama wanakimbilia gati wakishikilia mitandio. Kengele inaanza kulia.)

Wananchi mliobaki! Naendelea kwa koo langu mwenyewe! Kengele mnayoisikia, isiyo na waya, isiyo na plagi, wala isiyojua umeme kupanda ghafla, ni mfumo mbadala ambao Kamati ilikuwa na nia ya... (Kengele. Kengele. Kisha, ndani ya theluji, honi ya mashua. Sauti kutoka gati: "Hatsushio hiyo! Imeingia! Na imejaa hadi shingoni!" Watu wanainua mikono: "Banzai! Banzai! Banzai!" Madiwani nao wanakimbia.)

Naipokea banzai hiyo kwa niaba ya... naam, wanastahili wao. Radi hoye! Redio hoye! Kengele hoye zaidi! (Bi Orie, akitoka na koti begani: "Mwenyekiti, Daruma anakukonyeza." Bi Yasuko, kutoka gati: "Tokujiro! Acha kuhutubia viti! Buri ni wengi, masanduku ya barafu yametuishia, lete hilo lako!")

Kwa kumalizia, namshukuru Mheshimiwa Meya; naishukuru mikono miwili ya Bi Orie, ambayo hadi asubuhi hii ndiyo mradi wote; na namshukuru Daruma, ambaye ataendelea kututazama kwa jicho moja hadi shimo la waya lichimbwe na waya wenyewe ununuliwe. Sanduku nalileta, Bi Yasuko. Nalibeba peke yangu, ni jepesi: halijawahi kuwa na kitu ndani. Asanteni kwa kunisikiliza.