Vita vya Ndara za Kijani

Enyi mlioketi na mliosimama, mwenye chai aiweke chini, mwenye neno alimeze, kwani hapa inasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa ghorofa ya pili, baina ya dirisha lisilofungika na sinki lililoziba, siku ile wanafunzi wa shahada ya uzamili walipotundika kazi zao za uchoraji ambazo hazijakwisha ili zikosolewe. Damu haikumwagika. Kilichomwagika ni kikombe cha maji ya brashi, nacho kilipigwa teke na mtu asiyehusika.

Shujaa ni Kitindamimba, binti wa mshona mashuka, aliyeingiza picha yake ubavuubavu kwa kuwa mlango ulikataa kumpisha. Ndani ya picha hiyo alisimama mama yake, aliyezikwa mwanzoni mwa muhula, mkono kwenye komeo la geti, miguuni ndara za kijani: ya kulia mguu wa kushoto, ya kushoto mguu wa kulia. Ndivyo alivyokuwa mama yule. Akisikia hodi ya mwanawe wa mwisho, alikurupuka akavaa bila kutazama. Uso haukuwa umechorwa bado. Kila Kitindamimba alipoukaribia, alirudi kuchora ndara. Ndara pekee ndizo alizokuwa na uhakika nazo.

Lakini sheria ya ukumbi ule ilikuwa kali kuliko upanga: mwenye kazi hafungui kinywa mpaka wote wamalize kuisema. Na mbele yake alikaa Mwalimu Mkaa, bwana wa mistari, mwenye kipande cha mkaa wa kuchorea nyuma ya sikio, ambaye akiona kosa hulisahihisha papo hapo, juu ya kazi yako, kwa mkono wake. Pua nyingi zilikuwa zimenyooshwa hivyo, na wenye nazo hawakuulizwa.

Akatangulia vitani Fremu, mcheshi wa darasa.

"Jamani, rangi sina neno nayo. Ila mama huyu uso hana, halafu viatu kavaa kama anakimbia moto!"

Ukumbi ukacheka.

"Wewe nawe, kila kitu mzaha," akasema Shangazi, mwanafunzi aliyewazidi wote umri. "Mimi naona mtu ana haraka. Sijui ya nini, lakini anayo."

"Haraka haibadilishi miguu!" akanguruma Mwalimu Mkaa, akainuka kama mlima uliochoka kukaa. "Mwanangu, nimechora miguu kabla hujazaliwa. Hili ni kosa dogo. Mistari miwili tu, nalimaliza."

Akauchomoa mkaa sikioni, akasonga mbele, na majeshi ya vigoda yakampisha.

Shujaa afanyeje? Akisema, amevunja sheria, na kazi yake itashushwa ukutani. Asiposema, mama yake atageuka mwanamke aliyejivalia taratibu kwenda kumfungulia mtu yeyote tu.

Ndipo Kitindamimba alipoinama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua (soksi moja ilikuwa na tundu, historia haifichi), akavivaa upya, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia, akasimama kati ya mkaa na picha. Kidole chake kidogo cha mguu kikaomba msaada, kikanyimwa. Hakutamka hata herufi.

Mwalimu Mkaa akaitazama miguu iliyo hai. Akaitazama iliyochorwa. Akarudi kwa iliyo hai, akaona jinsi ncha za viatu zilivyopeana kisogo. Sinki likagugumia.

"Kumbe hukukosea," akasema, sauti imeshuka. "Nani huvaa hivi? Jibu, mwanangu, nimekuruhusu."

"Mama. Akija kunifungulia."

Mkaa ukarudi sikioni.

"Basi miguu isiguswe. Uso utakuja wenyewe."

"Nisamehe, dada," akasema Fremu. "Mimi nilidhani moto."

"Hukuwa mbali," akajibu Kitindamimba.

Basi vizazi vijavyo na vijue kwamba siku ile jozi moja ya ndara iliokolewa, na mkaa uliozishinda pua zote ukarudi nyumbani na njaa. Naye mshindi akashuka ngazi na picha yake ubavuubavu, akichechemea, viatu vingali vimepishana, akaenda hivyo njia nzima mpaka kwenye geti ambalo siku hizi hulifungua mwenyewe, kwa ufunguo.