Walewale Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Utafiti wa binti yangu umepitishwa! Umepitishwa, jamani! Haya, sasa ndiyo nasalimu: habari za asubuhi. Salamu ingenichelewesha.

Anasomea tiba ya viungo, shahada ya pili. Mimi namwita Dokta. Anasema bado, Mama, usinitie aibu mbele za watu. Namwita hivyohivyo. Ulimi uzoee mapema.

Anataka kujua kama kuminya mpira kila siku kunarudisha nguvu kwenye viganja vya mafundi wa kushona, sisi tunaoamka vidole vimekakamaa kama tumelala tumeshika ndoo. Kila fundi atapimwa mara nne, kila baada ya wiki mbili, kwa chombo kinachofanana na koleo. Mafundi nimewatafuta mimi. Nani mwingine? Nusu yao nimewafundisha kutunga uzi.

Jambo moja tu linaniuma. Anahitaji watu thelathini. Thelathini! Hata kikao cha wapangaji hujaa zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Nilipanga kunyamaza. Sikuweza. Nimemweleza Mama Injinia, jirani ambaye tunagawana ukuta na kila kitu kinachosikika ukutani. Akauliza wangapi. Nikakohoa, nikasema thelathini. Akasema mwanawe, alipokuwa chuoni, alihoji watu mia tisa kuhusu mabomba ya maji. Kisha akanipapasa bega: usijali shoga yangu, thelathini nao ni watu.

Nao ni watu! Nimerudi ndani nikatia zipu ya mteja kinyume.

Jioni nikamwambia Dokta anipe ruhusa tu, nitamletea mia. Akacheka, akavuta kiti. Wale mia tisa, akasema, kila mmoja aliulizwa mara moja. Pale unamlinganisha huyu na yule, na watu hawalingani: huyu kijana, yule bibi, huyu ana kiganja kama sufuria. Lakini yeye anamlinganisha fundi na fundi huyohuyo. Tofauti za mtu na mtu zinakaa pembeni, kinachobaki ni badiliko. Kadiri mtu anavyofanana na yeye mwenyewe wa wiki mbili zilizopita, ndivyo badiliko dogo linavyoonekana. Ndiyo maana wachache wanatosha. Amepiga hesabu, na thelathini wanampa nguvu ya asilimia themanini.

Themanini? Nikamuuliza ishirini zimeenda wapi. Mimi sikulea mtoto wa themanini.

Siyo alama za mtihani, Mama. Maana yake, kama mazoezi yanasaidia kweli kiasi anachokitegemea, basi katika tafiti kumi za namna hii, kama nane zitaliona hilo na mbili zitapita bila kuliona. Nikasema basi nipimeni mimi peke yangu mara mia, tumalize. Akasema tutakujua sana wewe, Mama, na wengine hatutawajua kabisa.

Nimelifikiria nikiosha vyombo. Miaka yote binti huyu nimempima kwa mtoto wa Mama Injinia. Nani kaota meno, nani kasoma kwanza, nani kapata kazi. Sijawahi kumweka karibu na yeye mwenyewe, yule wa mwaka juzi aliyekuwa akilia mezani kwangu kwamba hesabu zimemshinda, aondoke chuo. Yule na huyu! Ningewatazama hao wawili tu, ningekuwa mama mtulivu miaka mingi. Nikasimama na sahani mkononi mpaka maji yakapoa.

Halafu nikakumbuka kwamba meno, binti yangu ndiye aliyeota kwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Kipimo cha pili. Dokta alianza na watatu wa ziada, kwa sababu alisema lazima wengine watakatika njiani. Wameshakatika wawili. Mmoja kahama. Mwingine anasema mpira unamkera.

Dokta hakugusa chakula. Nikamuuliza kisa nini. Akasema wakipungua chini ya thelathini, utafiti utakuwa kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi inayozimika. Sindano inaweza kuwepo, naye asiione. Msimamizi wake atamwambia aanze upya, na nafasi yake chuoni inaisha mwaka huu. Hakuna kuanza upya.

Nikamwambia Mama yupo. Sijui kwa nini hilo halikumtuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Pigo! Bi Mkasi, fundi wetu wa magauni, kasafiri kumwangalia bintiye aliyejifungua. Bi Vifungo naye kaenda kumuuguza mama mkwe. Wawili kwa mpigo, na kipimo cha tatu ni keshokutwa!

Dokta sijamwambia. Ya nini kumtia presha? Kwetu mafundi hili lina dawa yake. Ukipata dharura, cherehani haikai bure. Unamleta mdogo wako au wifi yako, anakaa pale pale, anashona kwa jina lako, sare za shule zinatoka siku ileile. Mteja hajui, na hajawahi kulalamika.

Bi Vifungo ana wifi. Bi Mkasi ana mdogo wake, anayeziba pancha karibu na kituo cha mafuta. Nimeshaongea nao. Wamekubali kabla sijamaliza sentensi.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi alipita salama. Nikapumua.

Akaja mdogo wa Bi Mkasi, kavaa kilemba cha dada yake na miwani ya dada yake, anapapasa ukuta kwa sababu haoni. Akakaa. Akaminya koleo. Mshale wa kipimo ukakimbia! Dokta akafungua mdomo. Mama, njoo uone, nguvu imepanda karibu mara mbili! Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi.

Kisha akakigeuza kile kiganja. Akatazama kucha. Nyeusi, grisi tupu. Akauliza polepole, dada, mikono hii inashona nini?

Akajibu: matairi.

Mjinga yule! Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Jumapili, 6 Aprili

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye kigoda changu, akashika gurudumu la cherehani akilizungusha taratibu. Akasema, Mama, nguvu yote ya utafiti huu ni kwamba mtu ni yuleyule. Umenipa mtu mwingine. Sasa hesabu inaona fundi wa magauni kageuka mbeba mizigo ndani ya wiki mbili.

Nikasema jina lilikuwa lilelile.

Ikabidi nimtaje na wifi. Vipimo vyote viwili kavifuta, na kamweleza msimamizi ukweli wote. Yule bwana, Mungu ampe maisha, kasema kipimo kinachokosekana hesabu inaweza kukivumilia. Cha mtu mwingine haiwezi. Wenyewe wakirudi kwa kipimo cha mwisho, wataendelea kuhesabiwa. Wawili wakikosa siku hiyo, basi tena.

Nimempigia Bi Mkasi. Akasema mjukuu ana kwikwi. Nikasema njoo naye na kwikwi yake. Bi Vifungo nikamwambia mama mkwe aje pia, kitanda kipo, na uji nitampikia mimi mwenyewe. Wamekubali. Nilipokata simu nikageuka. Dokta alikuwa mlangoni. Akasema asante, Mama, kwa sauti ile ya utotoni.

Jumatano, 16 Aprili

Wote wamethibitisha! Nimepita nyumba kwa nyumba. Dokta ameniapisha: watu walewale, saa ileile, kiti kilekile. Nimeapa mara tatu, na nimeapa kweli. Somo limeniingia.

Hata Mama Injinia nimempa somo hilo. Nimemwambia mtu hapimwi na jirani, anapimwa na nafsi yake. Akasema maneno ya hekima hayo. Nikamwambia ndiyo, na kwa kipimo hicho binti yangu kampita mwanao mbali sana.

Sasa, nimewaza. Kama watu lazima wawe walewale, basi dawa ni kuwatia nguvu hao hao. Dokta kawapa mpira mdogo, wa kuchezea mtoto. Nguvu ya kiganja inaletwa na kukamua blanketi bichi! Ukikamua asubuhi nzima, kesho yake koleo utalivunja. Nimeshajaza mapipa maji. Aliniapisha kuhusu watu, saa na kiti. Viganja hakuvitaja.

Yeye anapima Jumamosi. Kwangu ni Ijumaa asubuhi, wote, walewale, kila mmoja na blanketi lake.