Mtihani wa Breki

Ulimi Laini alibakiwa na saa mbili za kupata baiskeli, la sivyo akose mke. Mwokaji mikate, baba wa mchumba wake, alikuwa ameshakata kauli: "Anayemtaka binti yangu aanze kunibebea mikate, na aje na baiskeli yake. Ya kwangu simpi mtu nisiyemwamini." Ulimi Laini hakuwa hata na pampu. Alikuwa na kofia mpya ya kwendea ukweni, na mdomo.

Basi kasimama kwenye kona ya barabara ya ufukweni, mara anamwona msichana mgeni kashuka kwenye baiskeli ya kijani, ramani kaishika juu chini. Alikuwa mwanafunzi kutoka nchi ya mbali, amekuja kwa muhula mmoja, na leo kaamua kuuzunguka mji wote. Nyuma ya baiskeli kuna kibebeo kipana cha chuma, saizi ya trei ya mikate kabisa! Ulimi Laini akamshukuru Mungu, jambo ambalo nadhani lilimshangaza Mungu mwenyewe.

"Dada, karibu sana! Mtihani umeshafanya?"

"Mtihani gani, kaka?"

"Ala! Wa breki. Mgeni hapandi kilima bila cheti. Mwaka jana mmoja alipanda, akateremka hadi baharini. Baiskeli tuliipata. Yeye tulipata kofia."

"Masikini! Na mwalimu ni nani?"

"Unaongea naye." Akatoa mfukoni karatasi iliyofungiwa sabuni. "Taja sababu kumi za kumshukuru aliyebuni breki. Mimi naenda kuipima baiskeli. Keti hapo ukutani, usiinue kichwa. Wizi wa mitihani hatuutaki."

Msichana akainamia karatasi kwa bidii ya kutia huruma. Ulimi Laini akapanda baiskeli, na breki hakuigusa hata kwa bahati mbaya.

Lo, raha! Njia ilikuwa ya kupanda mwanzo mwisho, lakini alikanyaga pedali akiimba, kengele kriing kriing, akiwapungia mkono watu asiowajua. Harufu ya mkate ilimfuata njia nzima, akasema moyoni, haya ndiyo mapenzi. Kumbe mchumba wake alishamwambia, tena mara mbili, kwamba chumba chao cha juu kapanga mwanafunzi mgeni. Lakini Ulimi Laini akizungumza na mtu, humsikiliza Ulimi Laini tu.

"Hodi, baba! Baiskeli hii hapa. Kibebeo nimekichomelea mwenyewe, nikaungua mpaka vidole."

Mwokaji alijifuta unga, akaizunguka baiskeli taratibu. "Pole, mwanangu. Hebu tuone ulipoungua."

"Pameshapona, baba."

"Una bahati. Mimi hapa hapajapona mpaka leo." Akainua dole gumba lenye kovu. "Niliungua nikikichomelea kibebeo hicho hicho."

Ulimi Laini alifungua mdomo kutunga uongo mwingine. Hapo mpangaji akaingia akihema, karatasi ya sabuni mkononi.

"Mwalimu! Nimepata tisa tu!"

Binti wa mwokaji, aliyekuwa kaunta akisikia yote, akaipokea karatasi, akasoma kwa sauti: "Ya kwanza: kwa sababu hii yangu haina, nimeshamaliza soli za viatu." Akamtazama mchumba wake. Alikuwa amempenda kweli, na ilimuuma. "Ya kumi naijua mimi. Breki ndiyo inayomsimamisha msichana kabla hajaolewa na mwizi."

Ulimi Laini hakungoja matokeo. Akairukia baiskeli, akateremka kilima.

"Mwalimu, haina breki!" mgeni akapiga kelele.

Hakusikiliza. Lini amewahi kusikiliza?

Baiskeli waliipata. Yeye walipata kofia. Binti alicheka mpaka machozi, na mengine yalikuwa machozi kweli, lakini kicheko kilishinda. Mpangaji alimshika mkono, wakashuka pamoja kuitoa baiskeli majini.

Ulimi Laini, msihofu, alionekana akiibukia upande wa pili wa gati, kalowa chapachapa, akimuuliza mwogeleaji mmoja mwenye saa nzuri kama ameshafanya mtihani wa kuogelea.