Simu Zote Zije Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Ofisini zimefungwa simu mpya. Za intaneti! Kioo mbele, vitufe kibao. Bosi katangaza kwamba kiti cha msimamizi wa ofisi kiko wazi, na atakikalia yule atakayepokea simu nyingi za wateja wiki hii. Mtambo wenyewe unahesabu, kwa hiyo hakuna kubishana. Mhasibu wetu, tunayemwita Tai kwa sababu tai yake haivui shingoni hata kwenye joto la kuua, akakohoa na kunyoosha mgongo. Maskini. Hajui kwamba fundi wa simu kaniachia mimi neno la siri la mipangilio. Eti la dharura.

Dharura ndiyo hii.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kiti nimeshapewa. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwezi jana, akasikia. Machozi yakamtoka. Akasema sasa moyo wake umetulia, binti yake kaolewa na mtu wa maana. Nikikikosa kiti hiki nitamtazama usoni kwa macho gani? Nampenda sana mzee huyu. Hata simu yangu ya zamani nilimpa yeye, na laini yake, na majina ya madereva na mafundi wetu wote humo ndani. Mimi ni mtu wa mkono wazi. Laini mpya niliyojinunulia bado sijaishika kichwani, namba huwa namuuliza mke wangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika kabla ya mfagizi. Nimeingia kwenye mipangilio. Simu zote za wateja zilie kwanza mezani kwangu; nisipopokea, zihamie kwenye simu yangu ya mkononi. Namba nimeibonyeza bila kuangalia popote. Vidole vinaijua toka enzi.

Kufika saa nne nilikuwa hoi. Sikujua kwamba watu wanaopiga simu kwenye ofisi ya pampu za maji ni wale tu ambao pampu zao hazivuti. Tangi linavuja, fundi hajatokea, dereva kapotea. Mwenye hoteli mmoja kasema atatupeleka mahakamani, kisha akaniuliza kama nina wazazi. Nikabonyeza kitufe cha Usinisumbue. Kimya! Kutwa nzima nimekula raha.

Jumatano, 6 Machi

Ajabu. Nimefungua hesabu za mtambo na kukuta simu zote za jana zimepokewa kwa jina langu. Zote! Na mimi nilikuwa nasoma gazeti. Ya mkononi nayo haikulia hata mara moja. Kumbe simu hizi za kisasa zinajipokea zenyewe. Ndiyo maana ni ghali.

Tai kila mara anainua mkonga wa simu yake kusikiliza kama una uhai. Alasiri kaja kuniuliza kwa upole kama simu yangu inalia. Nimemwambia avute subira, wateja huwa wana mtu wao.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kanitabasamia kwenye ngazi. Anasema malalamiko yamekatika ghafla, sijui nimewafanya nini watu hawa. Nikainamisha kichwa, mtu mnyenyekevu.

Chakula cha jioni kimeungua. Mke wangu analalamika kwamba mama yake kutwa kashikilia simu, hata mchele hachagui. Mama mkwe mwenyewe hakujitetea. Aliniuliza tu tangi dogo la bluu ni bei gani, na kama dereva wetu mwenye kipara anafanya kazi Jumamosi. Nikamweleza kwa kirefu. Inapendeza sana mzazi akiifuatilia kazi ya mkwewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevaa koti. Bora nisingevaa.

Bosi katuita mimi na Tai. Anasema alimpigia yule mwenye hoteli kumwomba radhi, naye kajibu kwamba kesi ameifuta kwa heshima ya yule mama. Mama gani? Bosi akapiga namba ya ofisi hapo hapo, sauti ikiwa wazi ili wote tusikie. Mlio mmoja. Miwili.

"Karibu, mwanangu. Pampu inasumbua, au ni tangi?"

Sauti hiyo hunisalimu kila asubuhi! Bosi akamuuliza ni nani mwenzake. Akajibu kwa fahari kwamba anamsaidia mkwewe, msimamizi wa ofisi, maana cheo kipya kina mambo mengi.

Bosi akanigeukia. "Msimamizi yupi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ofisi iko ghorofani.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe ameanza kazi. Msimamizi wa ofisi, chumba cha kioo. Leo nimempa shikamoo mara mbili, moja nyumbani na moja ofisini, ya pili nimesimama. Tai kacheka hadi akalegeza tai yake.

Mama mkwe akaniita ndani, akafunga mlango. "Baba, nilidhani umeniletea kazi makusudi, nisikae bure. Mungu akulipe."

Nimeitikia amina.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kosa ni la fundi wa simu. Kaunga mtambo vibaya, simu zikapotea njia hadi nyumbani kwangu. Hakuna maelezo mengine. Lakini sijafa moyo. Bosi anatafuta msaidizi wa msimamizi, na mwisho wa mwezi ataziangalia tena hesabu. Neno la siri hakuna aliyekumbuka kulibadilisha!

Saa ya chakula nimeingia kwenye mipangilio. Safari hii simu zote, za Tai, za Bosi na za mama mkwe mwenyewe, zihamie moja kwa moja kwenye simu yangu ya mkononi. Namba nimeibonyeza bila kuangalia popote.

Nimeegemea kiti na kumtazama Tai kwa huruma. Mle kwenye chumba cha kioo, mkoba wa mama mkwe umeanza kulia. Labda mke wangu anamtafuta.